Shajara ya mradi: modeli ya DNA inayopinda kwa kufuata herufi zake

Shajara hii ni ya klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari hapa Dodoma, ambayo mimi ni mlezi wake. Tunaiandika ili mwalimu au mwanafunzi mwingine aweze kuunda modeli kama yetu bila kurudia makosa yetu. Tulitaka kuonyesha kwa mikono jambo ambalo vitabu vya kidato cha tano na sita hulipita haraka, yaani kwamba DNA si kamba yenye ulaini ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, bali mpangilio wa herufi zake nne, yaani besi A, T, G na C, ndio unaoamua ni wapi itakunjika kwa urahisi, ni wapi itakataa, na ni wapi itakuwa imepinda hata kabla ya kuguswa.

1 Machi 2025: vipimo na vifaa vya kwanza

Tulianza na vipimo vya molekuli yenyewe, kwa sababu modeli isiyo na skeli ni pambo la kuning'iniza ukutani. Jozi moja ya besi, yaani herufi mbili zinazokabiliana kwenye nyuzi mbili za DNA, iko nanomita 0.34 juu ya jozi iliyotangulia, upana wa DNA ni takriban nanomita 2, na ikiwa ndani ya maji humaliza mzunguko mmoja wa msokoto kwa kila jozi 10.5. Tuliamua kila hatua iwe milimita 11, ambazo ni kisahani cha plaiwudi cha milimita 6 na washa ya mpira ya milimita 5. Kwa skeli hiyo kipenyo cha kisahani kinakuwa sentimita 6.5, na jozi 60 zinafikia sentimita 66, urefu unaotosha juu ya meza moja ya maabara.

Mabaki ya plaiwudi tuliyapata kwa shilingi 10,000, na fundi seremala alitukatia visahani 120 kwa shilingi 100 kila kimoja. Nyaya mbili za breki za baiskeli, za kupita katikati ya visahani, zilikuwa shilingi 6,000. Kwa washa laini tulinunua ndala pea mbili kwa shilingi 5,000.

Washa ngumu zilinipeleka soko la Majengo kwa mzee anayeshona katambuga. Nilimsalimia, nikamweleza kuwa nahitaji mpira usiokunjika, naye akaniuliza, "Mwalimu, unataka wa ubavuni au wa kukanyagia? Huu wa ubavuni umezoea kukunjika tangu tairi likiwa barabarani." Alichukua vipande viwili vya unene unaolingana akavibana kwa vidole mbele yangu, kimoja kilikubali, kingine kikabaki vile vile kama kipande cha ubao. Nilichukua wa kukanyagia, kutoka tairi lisilo na nyaya za chuma ndani, kwa shilingi 8,000. Hadi hapo tulikuwa tumetumia shilingi 41,000.

15 Machi: pembe ambayo protrakta haiioni

Mzunguko mmoja kwa jozi 10.5 maana yake kila kisahani kigeuzwe digrii 34.3 kutoka kilicho chini yake. Protrakta za vifaa vya hisabati vya wanafunzi zinasoma digrii nzima tu, na kosa la digrii 0.3 likirudiwa mara 60 linakuwa digrii 18. Njia tuliyoipata ni hii: mizunguko miwili ni hatua 21 kamili, kwa hiyo duara likigawanywa sehemu 21 zilizo sawa, hatua moja ni sehemu mbili. Tulitafuta jikoni sufuria yenye mzingo wa sentimita 84, tukaizungushia ukanda wa karatasi, tukatia alama kila sentimita 4, kisha tukavuta mistari kutoka kwenye alama hizo hadi katikati. Kiolezo kikawa tayari bila protrakta.

Kwa kiolezo hicho kila kisahani kilitobolewa matundu mawili ya msumari mdogo usio na kichwa. Msumari hupita kwenye washa na kufunga kisahani cha juu kwenye pembe yake. Katika siku hii hakuna kazi nyingine inayostahili maelezo.

29 Machi: msokoto wa kushoto

Tulipanga visahani 60 vya kwanza, tukasimamisha modeli, tukapiga makofi. Mwanafunzi wa kidato cha tano akaweka skrubu kando yake na kuonyesha kwamba modeli yetu inajisokota kinyume cha skrubu. DNA ya kawaida ndani ya seli hujisokota kuelekea kulia kama skrubu ya dukani. Sisi tulikuwa tumeweka kiolezo kifudifudi wakati wa kutoboa. Wengine walishauri tuigeuze modeli nzima juu chini, tukaigeuza, na haikusaidia kitu, kwa sababu skrubu ikigeuzwa juu chini inabaki skrubu ile ile. Dawa ni kupindua kila kisahani peke yake. Tulivipindua vyote 120 kimoja kimoja, tukaandika herufi upya upande wa pili. Rangi nyekundu, ambayo tutaieleza mbele, iligharimu shilingi 4,000.

12 Aprili: swali lililovunja modeli

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, na ni langu mimi mlezi. Adenini hushikamana na thaimini kwa bondi mbili za haidrojeni, na guanini na sitosini kwa bondi tatu. Kutokana na hilo nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba penye jozi ya A na T tuweke washa laini za ndala, na penye G na C tuweke washa ngumu za katambuga. Hoja hiyo inaonekana ya akili, nami niliifundisha kwa miaka kadhaa bila kuitilia shaka.

Tulipofika mahali ambapo A inafuatwa na G, msichana aliyekuwa anapanga alisimama akiwa na washa mkononi, akauliza, "Mwalimu, washa hii iko kati ya A na G. Ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Washa haimo ndani ya jozi. Imo kati ya jozi moja na jirani yake. DNA inapopinda, bondi za haidrojeni zinazoshikilia ngazi moja kwa upana wake hazikatiki. Kinachobadilika ni jinsi ngazi hiyo inavyolala juu ya ngazi ya chini yake. Besi ni bapa, na hulaliana kama sahani kabatini, kila moja ikiwa imebanwa na umbo na chaji za umeme za jirani yake. Ukakamavu ni mali ya hatua, yaani ya herufi mbili zinazofuatana. Bondi mbili au tatu zinaeleza zaidi jinsi nyuzi mbili zinavyoachana zikipashwa moto, na hilo ni swali jingine.

Tuliibomoa modeli siku hiyo hiyo. Wanafunzi waliandika hatua zote 16 zinazowezekana kwa herufi nne, kisha wakagundua wenyewe kuwa nyingi zinajirudia: AG ukiisoma kwenye uzi wa pili kwa kurudi nyuma ni CT, na AA ni TT. Zinabaki hatua 10 za kweli. Kanuni tuliyoifuata kuanzia hapo inatokana na uchambuzi wa miundo ya fuwele za DNA iliyoshikwa na protini, uliochapishwa na Wilma Olson na wenzake mwaka 1998. Hatua inayoanza na T au C na kuishia na A au G, yaani TA, CA pamoja na pacha wake TG, na CG, hukunjika kwa urahisi, na TA iko miongoni mwa zilizo laini kabisa. Hatua ya AA ni miongoni mwa zile ngumu.

Angalieni matokeo yake kwa wazo langu la zamani. TA na AA zote zimejengwa kwa jozi za A na T pekee, zikiwa na bondi mbili mbili, lakini moja ni laini na nyingine ni ngumu. Hapakuwa na namna ya kuliokoa.

10 Mei: waya wa breki na jua la saa sita

Kwa jaribio la ukakamavu tulijenga vijiti viwili vya visahani 20 kila kimoja. Cha kwanza kilikuwa A tupu, washa zote katambuga. Cha pili kilikuwa TATATA, ambamo hatua za TA zilipewa ndala na hatua za AT katambuga. Tulibana ncha moja mezani, na kwenye ncha ya pili tukaning'iniza pakiti ya majani ya chai ya gramu 250.

Vyote viwili vilishuka sentimita 1. Tulirudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Sababu ilikuwa waya wa breki: tulikuwa tumeukaza ili visahani visilegee, na waya uliokazwa ndio uliokuwa unabeba mzigo, wala washa hazikuwa na la kusema. Shilingi 6,000 zilipotea hapo. Tuliutoa, tukapitisha ukanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, uliouzwa shilingi 1,000, ambao unashikilia visahani bila kuvibana. Sasa kijiti cha A kilishuka sentimita 1.5 na kile cha TATATA sentimita 6.

Wiki iliyofuata kijiti cha TATATA kikashuka sentimita 8, na tukaanza kutafuta kosa ambalo halikuwepo. Siku ya kwanza tulipima asubuhi. Siku ya pili tulipima saa saba mchana, meza ikiwa dirishani, na jua la Dodoma la saa hizo hulainisha ndala hata zikiwa mguuni. Tangu hapo tunapima saa moja na nusu asubuhi, kivulini.

Kuhusu joto kuna jambo ambalo modeli hii haiwezi kulionyesha. Ndani ya seli hakuna pakiti ya majani ya chai. Msukosuko wa molekuli za maji ndio unaoitikisa DNA muda wote. Ukiipima DNA ya kawaida kwa wastani, hubaki imenyooka kwa urefu wa takriban nanomita 50, yaani jozi 150, kabla haijasahau uelekeo iliyoanza nao. Kwa skeli yetu hiyo ni mita 1.6. Ni ngumu kuliko watu wengi wanavyodhani wanapoiona imechorwa kama uzi uliotupwa.

24 Mei: kunyumbulika si kupinda

Hapa wanafunzi walichanganya mambo mawili, na nadhani wasomaji wengi pia wataona ni jambo moja. Kijiti laini hukubali kukunjwa upande wowote ukikisukuma. Kijiti kilichopinda kimepinda tayari kikiwa kimelala mezani peke yake, na kinaweza kuwa kigumu kabisa. Mpini wa jembe uliochongwa kutoka tawi lililopinda hauwi laini kwa sababu hiyo.

DNA ina yote mawili, na kupinda kwake kuligunduliwa mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1982 Joan Marini, Stephen Levene, Donald Crothers na Paul Englund walichapisha uchunguzi wa vipande vya DNA ya Leishmania tarentolae, kimelea cha mijusi ambacho ni cha ukoo mmoja na vile vinavyoleta malale kupitia mbung'o. Vimelea vya ukoo huo vina DNA ya pekee, yenye maelfu ya vipete vidogo vilivyofumwa kama wavu. Kipande kutoka kwenye vipete hivyo kilipopitishwa kwenye jeli ya akrilamaidi kwa nguvu ya umeme kilichelewa, kana kwamba ni kirefu kuliko kilivyokuwa. Anayejua kuvuta tawi la mgunga kulipitisha kwenye uzio wa miiba anajua kwa nini: tawi lililonyooka hupita, lililopinda hukwama kila hatua. Ndani ya kipande kile mlikuwa na vifungu vya adenini nne hadi sita mfululizo, vikirudi kila baada ya jozi kumi hivi.

Kumi ndiyo siri. Kila kifungu cha adenini hupinda kidogo, na kwa kuwa kinarudi baada ya mzunguko mmoja wa msokoto, kila mpindo unaangalia upande ule ule, na mipindo inajumlishwa. Vingekuwa vinarudi kila baada ya jozi 15, mmoja ungeangalia kaskazini na wa pili kusini, na kipande kizima kingebaki kimenyooka.

Jeli yenyewe hatukuijaribu. Akrilamaidi kabla haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu, na maabara ya shule si mahali pake.

19 Julai: herufi zile zile, maumbo mawili

Kwa modeli mbili kubwa tulichagua jaribio la Paul Hagerman la mwaka 1986, ambalo kwangu ni zuri kuliko yote katika somo hili. Alilinganisha marudio ya GAAAATTTTC na marudio ya GTTTTAAAAC. Hesabuni wenyewe: kila upande una A nne, T nne, G moja na C moja. Marudio ya kwanza yalichelewa kwenye jeli kama DNA iliyopinda. Ya pili yalipita kama DNA iliyonyooka.

Ili modeli ionyeshe hilo tulihitaji washa za kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Tulizisugua kwa msasa hadi zikawa na milimita 7 upande mmoja na milimita 3 upande wa pili, kwa upana wa sentimita 3, ambayo ni kabari ya digrii 7 na nusu hivi. Msasa na gundi vilichukua shilingi 5,000, na jumla ikafika shilingi 51,000. Rangi nyekundu kwenye ukingo wa kisahani inaonyesha upande wa mfereji mwembamba, mmoja wa mifereji miwili inayozunguka nje ya DNA. Upande wa pili ni mfereji mpana. Hatua za CG na TA tuliziwekea kabari yenye unene upande mwekundu, kwa kuwa hatua hizo huelekea kufunguka upande huo. Hatua ya AT tuliigeuzia kabari, kwa kuwa katikati ya kifungu cha adenini mfereji mwembamba hubanwa. Huku ni kurahisisha: katika molekuli yenyewe mpindo umegawanyika kwenye hatua nyingi, lakini uelekeo wake ndio huu.

Kabla ya kugundisha tulitaka kuhesabu kwa jedwali la kompyuta la ofisi ya walimu, ambamo kila kabari ni mshale wenye urefu 1 unaogeuka digrii 720/21 kwa kila hatua. Kompyuta ilitoa 1.56 kwa mfuatano wa kwanza na 1.26 kwa wa pili, yaani ilidai kwamba vyote viwili vinapinda. Tulikaa na jibu hilo siku mbili, tukaanza hata kushuku kabari zetu, mpaka mwalimu mwenzangu wa hisabati alipopita na kuuliza kama tumeiambia kompyuta kwamba pembe ziko katika digrii. Hatukuwa tumeiambia, na jedwali husoma radiani. Baada ya kusahihisha, mfuatano wa kwanza ulitoa 1.99 na wa pili 0.15.

Sababu inaonekana ukifuata kwa kidole. Katika GAAAATTTTC, kutoka AT ya katikati hadi CG ya kiungo, yaani C ya mwisho na G ya rudio linalofuata, ni hatua tano, nusu ya mzunguko. Kabari ya AT imegeuzwa, na nusu mzunguko unaigeuza tena, kwa hiyo zote mbili zinainamisha upande mmoja. Katika GTTTTAAAAC, mahali pa AT pameshikwa na TA, ambayo inafunguka kama CG. Zikiwa nusu mzunguko mbali, kila moja inafuta kazi ya mwenzake.

2 Agosti: modeli mezani

Modeli ya pili ililala imenyooka kama rula. Ya kwanza ilipinda karibu robo ya duara. Jambo moja lilitusumbua: ncha yake moja iliinuka kutoka mezani, na kila tulipoikandamiza ncha ya pili iliinuka. Wanafunzi wawili walianza kuchomoa misumari wakitafuta kisahani kilichowekwa vibaya, nikawazuia kwa wakati. Marudio ni ya herufi 10 lakini msokoto ni wa 10.5, kwa hiyo kila rudio linachelewa nusu hatua, digrii 17, na mpindo unahama taratibu kutoka kwenye bapa la meza. Kamba inayopinda hivyo ikiendelea kwa urefu inakuwa springi. Hatukuirekebisha.

Modeli zilisafirishwa kwa bajaji kwenda shule jirani kwa onyesho, na njia ya vumbi ikafanya ile kazi ambayo pakiti ya majani ya chai haikuweza: zikitikisika mapajani mwetu, tuliona hatua laini zikicheza peke yake huku vifungu vya A vikitulia. Gundi iliachia sehemu tatu.

16 Agosti: hatua iliyobaki

Sasa tunataka kufunga modeli kwenye nukleosomu. Katika seli zetu jozi 147 za DNA huzungushwa karibu mara 1.7 kwenye kitovu cha protini nane za histoni, na namna zinavyozunguka ilionyeshwa na muundo uliochapishwa na Karolin Luger na wenzake mwaka 1997, uliokuwa na jozi 146. Kwa skeli yetu kitovu hicho ni debe lenye kipenyo cha sentimita 21, na tunahitaji visahani 27 zaidi ya 120 tulivyo navyo, kwa shilingi 2,700.

Mpangilio wa herufi tutaufuata kutoka kwenye kazi ya Sandra Satchwell, Horace Drew na Andrew Travers ya mwaka 1986, waliochukua nukleosomu kutoka chembe nyekundu za damu ya kuku, ambazo, tofauti na zetu, zina kiini. Waliona AA na TT zikipendelea mahali ambapo mfereji mwembamba unaangalia ndani, na GC mahali unapoangalia nje, zikipishana kila jozi kumi. Tutafunga kwanza kamba ya mpangilio huo kwenye debe, kisha kamba ya A tupu yenye urefu ule ule, na kupima kwa mizani ya samaki nguvu inayohitajika kuzizuia zisijifungue. Mizani ya kuazima imepatikana. Debe la sentimita 21 bado. Yaliyopo madukani ni ya 18 na ya 24, na kwa la 18 tayari tumeona washa za katambuga zikipasuka kwenye kona ya nne.